Kapasita za Kichwa Cheusi

Jumapili, 5 Januari

Leo nimeambiwa hewani, watu kumi na mmoja wakisikia, kwamba sauti yangu inatembea. Aliyesema ni mwenyekiti wa klabu yetu ya redio, daktari wa meno mstaafu ambaye sote tunamwita Mng'oa Meno, na alisema kwa ule upole wake wa kumwambia mgonjwa kwamba haitauma. "Bwana Hoja, ulianza vizuri. Kufika katikati ya hotuba ukawa bata, kisha ukahamia kwa jirani." Wakacheka. Watu ambao hawajawahi kumaliza kitabu chenye kurasa zaidi ya mia, wanacheka.

Daftari halina mwenyekiti, kwa hiyo humu naweza kukiri. Mtambo nimeujenga kwa mikono yangu, na ndani yake kuna osileta, sehemu inayozaa wimbi ambalo sauti yangu hulipanda. Osileta ni koili moja ya waya na kapasita chache. Koili na kapasita hurushiana umeme kama watoto wawili wanaosukumana kwenye bembea, na kasi ya bembea ndiyo masafa. Chumba changu kina paa la bati. Jua likipanda, kitu fulani humo ndani hubadilika kidogo, bembea inapunguza kasi, nami nahama. Leo kwa saa moja nimehama hezi elfu mbili.

Jumanne, 7 Januari

Barua kutoka ofisi ya leseni. Kituo cha jirani kimelalamika. Mkaguzi atakuja Ijumaa tarehe 7 Machi, saa nane mchana, na mtambo ukianza ukiwa baridi usihame zaidi ya hezi mia moja kwa saa moja. Ukizidi, leseni inafutwa.

Mke wangu aliisoma akiwa amesimama, mkoba bado begani.

"Si ununue mtambo wa dukani?"

"Leseni yangu ni ya waliojijengea. Nikinunua naanza foleni upya, miaka mitatu."

"Mng'oa Meno anao wa dukani."

"Ndiyo maana hana la kusema."

"Lakini hautembei," alisema, akaenda kuvua viatu.

Gazeti lilinifungia mlango mwaka jana baada ya miaka kumi na tisa ya safu yangu, kwa sababu mhariri ana mgongo wa uji. Kilichobaki ni saa moja ya Jumapili hewani. Wakiichukua hiyo, nitakuwa mzee anayegombana na kuta.

Alhamisi, 9 Januari

Joto. Nyuzi thelathini na saba mezani.

Jumamosi, 11 Januari

Nimekwenda sokoni kwa Mama Vidonge. Hauzi dawa. Anauza vipuri vya redio, lakini amevipanga katika makabati ya zahanati iliyofungwa, droo ndogondogo mia na zaidi, na jina likamganda. Ni mwanamke mnene wa rika langu, miwani imefungwa uzi, na redio ndogo ya kupokea matangazo yetu iko rafuni nyuma yake, imezungukwa na masanduku.

Nilimwambia nataka kapasita zisizobadilika kwa joto.

"Kila kitu kinabadilika, baba," alisema. "Hizi hubadilika kidogo kuliko nyingine." Alimwaga kiganjani mwangu vidude kama punje za dengu, kila kimoja na tone la rangi kichwani. Mtengenezaji hutia rangi hiyo kuonyesha tabia ya kitu kikipata joto. Kichwa cheusi hakisogei. Kichwa cha zambarau husinyaa kadiri joto linavyopanda.

"Nipe vyeusi."

"Vyote?"

"Mimi sijengi na vinavyosinyaa."

Alinitazama juu ya miwani. "Sawa. Koili yako umeizungusha juu ya nini?"

Nilimwambia nimekuja kununua kapasita, sikuja kufanyiwa usaili.

Jumapili, 12 Januari

Mng'oa Meno amenipa ushauri hewani bila kuombwa. Anasema niweke angalau kichwa kimoja cha zambarau, maana koili hutanuka kwa joto, na kinachosinyaa kitamrudisha anayetanuka. "Mkorofi mmoja anamrekebisha mwenzake," alisema, akajicheka mwenyewe.

Nilimjibu kwa dakika sita. Nilisema hiyo ni falsafa ya watu waliozoea kuziba jino bovu badala ya kusafisha kinywa. Kutibu kosa kwa kosa la kinyume si uhandisi, ni siasa. Mtambo safi hujengwa kwa vipande safi. Najua walinisikia vizuri, kwa kuwa dakika sita za kwanza huwa bado sijahama.

Jumanne, 14 Januari

Vichwa vyeusi vimeingia. Nimevichomelea kwa risasi mpya, miguu mifupi, kila kitu kimekaa kama askari kwenye gwaride. Nimewasha saa nane, nikatazama namba za kipima masafa kwa saa moja.

Hezi mia sita na arobaini, kwenda chini.

Jumatano, 15 Januari

Mia sita hamsini na tano.

Alhamisi, 16 Januari

Mia sita na arobaini.

Jumatatu, 20 Januari

Mia sita thelathini. Jirani yangu anaangua mayai kwa taa. Chumba changu kingemtosha bila taa.

Jumatano, 22 Januari

Nimepata jibu, na ni jibu la aibu kwa nchi nzima. Kapasita nyeusi hazisogei. Mtambo wangu unasogea. Kwa hiyo hizi si nyeusi. Zimepakwa. Na leo nilipokwenda sokoni nilikuta mezani kwa Mama Vidonge, kando ya kikombe chake, chupa ya rangi ya kucha, nyeusi tii.

Nilimwuliza mbele ya wateja kama ile rangi ni ya kucha zake.

"Kucha zangu unaziona," alisema. Hazikuwa na rangi. "Natia alama droo zilizoisha."

"Na vichwa vya kapasita je?"

Alisimamisha mkono uliokuwa unahesabu betri za mteja. "Baba, una ushahidi?"

"Mtambo wangu unatembea hezi mia sita."

"Huo ni ushahidi kwamba mtambo wako unatembea."

Mteja wa betri akaguna kwa kicheko. Nimeandika mambo makubwa zaidi ya hilo kwa ushahidi mdogo zaidi, na sikukosea. Sikukosea mara nyingi.

Jumapili, 26 Januari

Nimeandika makala kwa ajili ya jarida la klabu. Maneno elfu moja mia mbili. Kichwa chake: "Weusi wa Kucha." Sikumtaja jina, lakini soko zima lina muuzaji mmoja mwenye makabati ya zahanati. Nimeonyesha jinsi udanganyifu mdogo wa tone la rangi unavyozaa daraja linalobomoka na kura isiyohesabiwa. Tangu gazeti linifukuze sijapata kuandika kitu kilichonyooka hivi.

Mke wangu alisoma ukurasa wa kwanza. Yeye ni karani wa masjala ya ardhi, anajua kusoma karatasi kwa kutafuta kisichokuwepo.

"Umezipima?"

"Nimepima mtambo."

"Nauliza hizo punje. Moja moja."

"Mama watoto, hii ni makala, si hati ya kiwanja."

"Naona. Hati ya kiwanja ingerudishwa."

Jumamosi, 1 Februari

Jarida limetoka. Watu wanne wamenipigia kunipongeza. Mmoja alisema alikuwa akimshuku siku nyingi. Huyu mmoja hajui kushika chuma cha kuchomelea upande sahihi, lakini pongezi ni pongezi.

Jumapili, 2 Februari

Hewani wote walizungumzia makala. Mng'oa Meno peke yake hakuisifu; alisema, "Nimenunua kwake miaka kumi na minne." Nikamwambia ndiyo maana alinunua mtambo dukani.

Nilihama hezi mia sita hamsini wakati wananishangilia.

Ijumaa, 7 Februari

Mwezi mmoja kamili umebaki. Nimeagiza kapasita nyingine kwa mtu wa mji wa pili. Nyeusi pia. Mia sita na arobaini.

Huyo naye anapaka, nikasema. Nimeandika sentensi hiyo ili nione inavyokaa kwenye karatasi. Haikai vizuri.

Alhamisi, 13 Februari

Mke wangu amerudi na habari. Chuo cha ufundi kimemrudishia Mama Vidonge sanduku zima la vipuri vya muhula huu. Mkuu wa maabara aliambatanisha nakala ya makala yangu.

"Alikuwa amekaa tu," alisema. "Droo zote zimefungwa. Nilinunua balbu."

"Tunazo balbu."

"Najua tunazo."



Jumanne, 18 Februari

Naandika haya yote leo, maana kesho nitaanza kuyapunguza.

Nilitaka kumaliza ubishi. Mng'oa Meno alikuwa ameniandikia kadi, maneno manane: Ipashe joto kapasita moja moja, tazama namba zinavyokwenda. Niliamua kuifanya hiyo ili nimpelekee matokeo usoni. Nilifungua kisanduku cha bati kinachofunika osileta, nikawasha, nikangoja mpaka namba zitulie, kisha nikasogeza chuma cha kuchomelea karibu na kichwa cheusi cha kwanza bila kukigusa. Nilihesabu mpaka thelathini. Namba zilicheza hezi tatu, nne. Nikaenda cha pili. Tano. Cha tatu, mbili. Vyote sita. Nikatoa vya mji wa pili, nikaweka vya Mama Vidonge, nikarudia. Vilevile. Vilikuwa vimesimama pale kama mashahidi waliokula kiapo na kukishika.

Nilikaa. Nikajiambia labda chuma hakina moto. Nikakigusa kwa kidole na sasa nina lengelenge.

Ndipo mke wangu akaingia na chai. Meza imejaa, akakiweka kikombe mahali palipokuwa wazi, kando ya koili. Sikutazama kikombe, nilikuwa natazama namba. Zikaanza kuporomoka. Hamsini. Mia. Mia mbili na ishirini.

"Umefanya nini?" nilisema.

"Nimeleta chai."

"Umegusa nini?"

"Sijagusa kitu, nimeleta chai. Utakunywa au ninywe mimi?"

Niliondoa kikombe. Namba zikapanda polepole. Nikakirudisha. Zikashuka. Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yangu na hahitaji leseni ya redio kuelewa kitu kinachopanda na kushuka pamoja na kikombe.

Koili ile niliizungusha mwenyewe Desemba, juu ya kipande cha bomba la maji la plastiki, na nilijivunia jinsi nyuzi zilivyolala. Plastiki hutanuka kwa joto, waya unatanuka nayo, masafa yanashuka. Jambo hili liko katika kitabu kilicho rafuni kwangu, na pembeni ya ukurasa huo nimeandika kwa mkono wangu: "Dhahiri." Yule mama aliniuliza siku ya kwanza nimeizungusha juu ya nini.

"Kwa hiyo hazikupakwa," mke wangu alisema.

"Hapana."

"Basi kunywa chai yako."

Alhamisi, 20 Februari

Nimezungusha koili mpya juu ya kigae cha kauri kutoka kwenye pasi iliyokufa. Mia tatu na kumi. Afadhali, lakini haitoshi, na sina kitu kingine cha kuzungushia. Kinachohitajika ni kile kile nilichokidhihaki kwa dakika sita: kichwa cha zambarau, kisinyae wakati koili inatanuka.

Nilimpigia Mng'oa Meno. Sitaandika ilikuwaje kupiga namba hiyo. Hakucheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alisema hana hata kimoja. Vya kwake vyote vilitoka kwa Mama Vidonge, na mjini humu hakuna mwingine.

Nilikwenda saa tisa. Alikuwa anafuta vumbi kwenye droo ambazo hazikuwa na vumbi.

"Nahitaji vya zambarau viwili," nilisema.

"Ninavyo."

"Basi."

"Basi nini? Mimi nauza rangi ya kucha. Wewe ndiye uliyesema. Chuo kimesema, wateja wamesema. Nikikuuzia leo, kesho utaandika nimekupakia zambarau."

"Nimezipima. Zilikuwa za kweli."

"Umeniambia mimi. Mimi nilikuwa najua."

Aliendelea kufuta. Nilirudi nyumbani nikimwona ni mwanamke mkaidi, mwenye kinyongo, asiyetofautisha sayansi na maneno ya sokoni. Naacha sentensi hiyo kama ilivyo ili nikumbuke kwamba niliifikiri njia nzima.

Jumapili, 23 Februari

Niliamua kusema hewani. Klabu nzima ingesikia, naye angesikia kwenye redio yake ndogo, nami nisingelazimika kuona uso wa mtu. Niliandika kurasa tatu. Miaka ishirini nimefuata utaratibu mmoja katika mabishano: kwanza nukuu hoja kikamilifu na kwa nguvu zake zote, kisha ivunje. Basi nilianza kwa kusoma makala yangu mwenyewe, aya tano nzuri kuliko zote, chupa ya rangi, daraja, kura. Halafu nikaanza kuvunja. Nilisema kapasita zilikuwa halali, koili ilikuwa yangu, ujinga ulikuwa wangu, na mama yule alidhulumiwa nami.

Nilipomaliza niliachia kitufe cha kipaza sauti. Kisha Mng'oa Meno: "Tumekupata, Bwana Hoja. Tulikuwa tunakufuata." Nilitazama namba. Nilikuwa nimeshuka karibu hezi mia tatu. Watu kumi na mmoja walikuwa wamekaa, kila mmoja na kidole kwenye kitasa, wakinifuata chini kidogo kidogo ili wasikose neno. Nimewadharau watu hao katika daftari hili na mahali pengine.

Jumatatu, 24 Februari

Nilikwenda sokoni nikiwa nimejiandaa kusamehewa.

"Nilikusikia," alisema Mama Vidonge. Sauti yake ilikuwa ya baridi kuliko Alhamisi. "Mimi na wateja watatu. Umesoma makala yote upya, vizuri, kwa sauti ya mimbari. Rangi ya kucha. Daraja. Ulipofika kwenye kura ukawa bata. Baadaye ikawa mvumo tu."

"Baada ya hapo ndipo nilipoomba radhi."

"Kitasa cha redio yangu kiko nyuma ya masanduku. Na nilikuwa nahudumia."

"Niliomba radhi kwa dakika ishirini."

"Hapa tulisikia matusi mara ya pili."

Kulikuwa na fundi wa pikipiki anachagua fyuzi, na mwanamke mmoja anangoja waya upimwe. Hakuna aliyejifanya hasikii. Nilitoa zile kurasa tatu mfukoni.

"Weka karatasi," alisema.

"Ni ili nisikose kitu."

"Weka. Wewe na karatasi mkikaa pamoja, mnamsahau mtu."

Nikaziweka juu ya betri. Nimezungumza kwenye kumbi, nimezomewa na wanasheria, nimemwita waziri mwoga akiwa kiti cha mbele. Sijawahi kutafuta sentensi kama nilivyotafuta pale.

"Kapasita zilikuwa za kweli," nilisema. "Kosa lilikuwa kwenye koili yangu. Nilikuandika kabla ya kupima."

"Nani ulimwandika?"

"Wewe." Nikawageukia wateja. "Huyu mama. Nilisema anapaka rangi, na si kweli."

Fundi wa pikipiki akasema, "Kumbe ni wewe," akaendelea kuchagua fyuzi.

Mama Vidonge alivuta droo ya chini, akamwaga zambarau kwenye kifuniko cha chupa. "Chagua kidogo kidogo. Usiweke kikubwa, utarudi hapa unapanda badala ya kushuka, useme nimekuroga. Viwili vya kumi, utoe cheusi kimoja cha ishirini. Pima. Ukiona bado unashuka, ongeza." Akanitazama. "Na upime mchana, bati likiwa limechemka. Si asubuhi, halafu ujisifu."

Nilitaka kumwambia kwamba hilo nalijua. Sikumwambia.

Jumatano, 26 Februari

Mia moja na tisini. Nimeongeza kimoja.

Alhamisi, 27 Februari

Sitini na mbili.

Jumamosi, 1 Machi

Jarida limetoka na kanusho langu. Mhariri wa jarida aliniambia nafasi ni finyu, akalipatia mistari minne ukurasa wa mwisho, chini ya tangazo la mlingoti wa kuuza. Makala ilipata kurasa tatu na picha. Mke wangu amekata ile mistari minne kwa mkasi na kuipeleka chuoni yeye mwenyewe, wakati wa chakula cha mchana, kwa mkuu wa maabara. Anasema alimsimamia mpaka alipomaliza kuisoma. Chuo kitachukua nusu ya sanduku. Nusu nyingine tayari wameagiza kwingine.

Jumatano, 5 Machi

Hamsini na nane. Mawingu upande wa kaskazini, hayaleti kitu.

Ijumaa, 7 Machi

Mkaguzi alifika saa nane kamili, kijana wa ofisi mwenye viatu visivyojua vumbi na kalamu tatu mfukoni. Nilikuwa nimejiandaa kumdharau. Nyuzi thelathini na nane. Alikaa saa nzima bila kuomba feni, akaandika namba kila baada ya dakika tano.

"Arobaini na nne," alisema mwishoni. "Safi sana. Umefidia kwa zambarau?"

"Tatu."

"Watu wengi hung'ang'ania vyeusi." Aligonga muhuri. Kisha akafika kwenye mstari wa fomu unaouliza vipuri vilitoka wapi, nami nikamtajia. Kalamu ikasimama.

"Si huyu wa rangi ya kucha? Ile makala niliisoma mara mbili. Pale ofisini tuliipitisha meza hadi meza."

"Ilikanushwa."

"Ilikanushwa lini?"

"Jumamosi iliyopita. Ukurasa wa mwisho."

"Sikuiona," alisema kwa adabu. "Ile ya kwanza uliiandika vizuri mno."

Nilimwomba aandike kwenye fomu kwamba vipuri ni halali na vimepimwa. Alisema fomu haina nafasi hiyo. Nikamwomba aandike pembeni. Aliandika, akaweka sahihi, nami nikatoa nakala.

Jumapili, 9 Machi

Mvua imeanza alfajiri. Bati linapiga kelele kiasi kwamba ilinibidi nishike kipaza sauti karibu na mdomo.

Leseni yangu ni ya miaka mitano. Nilikuwa na saa nzima. Nilikuwa na hotuba juu ya ofisi ya leseni, nyingine juu ya mhariri wa jarida na mlingoti wake, zote zimenyooka. Nilipopewa nafasi nilisoma ile mistari minne, bila kunukuu kitu kabla yake. Nikataja kabati, soko, na siku anazofungua Mama Vidonge.

"Tumekupata," alisema Mng'oa Meno. "Hukuhama hata unywele. Endelea, Bwana Hoja, bado una dakika hamsini na nane."

Namba zilikuwa zimetulia mbele yangu. Nilifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nipate leseni nikamwambia aendelee yeye.